Jehanamu kuwa hali ya nafsi si kulainisha mafundisho

Mwenzetu ameuliza kama kusema kwamba jehanamu ni hali ya nafsi, wala si mahali penye moto, si ujanja wa kuwaondolea watu hofu ya Mungu. Mimi ni Mkatoliki wa hapa Nairobi, na naona kwamba wazo hilo, likieleweka sawasawa, linatisha kuliko moto tunaohubiriwa saa za mchana pale bustani ya Jeevanjee.

Si wazo la kuokotwa. Tarehe 28 Julai 1999, katika katekesi yake (mafundisho ya imani) ya Jumatano, Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba jehanamu, zaidi ya kuwa mahali, ni hali ya mtu aliyejitenga na Mungu kwa hiari yake na bila kugeuka. Picha ya moto nayo ina chimbuko lake katika bonde la Hinomu, nje ya Yerusalemu ya kale, ambako watoto walipitishwa motoni kwa ajili ya mungu wa kipagani Moleki mpaka mfalme Yosia alipopatia unajisi mahali hapo (2 Wafalme 23:10).

Mimi nilianza kulielewa jambo hili kwa marehemu mjomba, aliyekuwa akiishi mtaa wa Umoja. Waligombania kiwanja cha urithi na mama yangu, wakafikishana mahakamani, na mjomba akashinda. Hata hivyo, karatasi za kesi hazikutoka mezani kwake. Zilikaa katika bahasha ya kaki iliyochakaa kingo, na kila mgeni alisomewa upya. Mama alipomtembelea akiwa na chupa ya chai na mandazi, mjomba alikipokea kikombe kwa adabu zote, akakiweka chini ya kiti hadi kikapoa, kisha akaenda kukimwaga kwenye sinki huku mama akimtazama. Pensheni alikuwa nayo, watoto walimpigia simu, na hakuna aliyemfungia mlango. Ndivyo alivyokuwa yule kaka mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu, Luka 15:28: ngoma inachezwa ndani, baba ametoka kumsihi, naye anakataa kuingia. Simhukumu mjomba, maana Kanisa halijamtangaza mtu yeyote kwa jina kuwa yuko motoni. Nasema tu kwamba pale niliona jinsi kukataa huko kunavyoanza.

Lakini tusichanganye mambo. Sonona, yaani depression, ni maradhi, na kumwambia mgonjwa wake kwamba yumo jehanamu ni ukatili, kwa kuwa hakuyachagua mateso yake. Uzito wote wa maneno ya Papa uko kwenye hiari.

Kuhusu swali la mwisho la mwenzetu, kama basi hali hiyo huisha mtu anapokufa, Katekisimu, yaani kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, ambayo nayo huiita jehanamu hali ya kujitenga, inafundisha vilevile kwamba ni ya milele.