Jina la muuaji pembeni ya ukurasa

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza ni riwaya zipi za upelelezi zilizotukaa moyoni kati ya vitabu vya mitumba tulivyosoma mwaka mzima. Mimi nawajibu kutoka Lubumbashi, Kongo, katika komini iitwayo Kenya, ambako kitabu kipya cha kutoka Ulaya ukishatajiwa bei yake unakirudisha mahali pake taratibu na kumwambia muuzaji utapita kesho. Basi tunasoma vilivyosomwa. Na kitabu kilichopita mikono mingi huenda kikakufikia siri yake ikiwa imeshatobolewa. Ndiyo maana kipimo changu ni kimoja: je, riwaya inabaki tamu hata kama umeshaambiwa nani ameua?

Kipimo hicho nilifundishwa na msomaji nisiyemjua. Barazani mjini, wanapotandaza vitabu vya mitumba, kati ya kitabu cha hesabu cha sekondari na Biblia isiyo na Mwanzo, nilikuta Le Meurtre de Roger Ackroyd ya Agatha Christie, ile yenye jalada la njano la Le Masque, mkusanyo wa riwaya za upelelezi. Hicho ndicho kilikuwa kitabu namba moja cha mkusanyo huo ulipoanzishwa Ufaransa mwaka 1927, mwaka mmoja tu baada ya riwaya yenyewe kutoka kwa Kiingereza. Nimefika nyumbani, nimekaa, nimefungua kurasa za mwanzo, nakuta jina moja limepigiwa mstari kwa biki ya bluu, na pembeni mtu ameandika "Ndiye!" na alama tatu za mshangao.

Nilimlaani huyo mtu, kisha nikakisoma hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipomvulia kofia mama Christie. Poirot, mpelelezi wake, amestaafu, yuko kijijini King's Abbot analima maboga, na tunakutana naye siku anaporusha boga moja kwa hasira likapita juu ya ukuta na nusura limwangukie jirani. Unacheka, unadhani ni mchezo tu. Lakini ukiwa unamjua muuaji, unaanza kuona kwamba mwandishi hajakudanganya popote. Kila sentensi ni ya kweli. Kuna aya fupi ambamo dakika kumi zinapita. Asiyejua anaivuka bila kugeuza shingo, anayejua anasimama, anairudia, anaguna. Siendelei zaidi, maana baadhi yenu mna nakala safi. Kwangu hiyo ni namba mbili ya mwaka.

(Na hebu tucheke kidogo sisi ambao babu zetu walitawaliwa na Wabelgiji: mwanamke Mwingereza alimtunga mpelelezi Mbelgiji, naye Mbelgiji Georges Simenon, mtoto wa Liège, akamtunga mpelelezi Mfaransa. Kila mmoja alikwenda kuomba akili kwa jirani.)

Simenon ndiye anayejaa kwenye mabaraza yetu. Aliandika riwaya 75 za Komiseri Maigret, kuanzia 1931 hadi 1972, nazo ni nyembamba. Moja unaimaliza usiku mmoja umeme ukikatika, mradi simu ina chaji ya kumulika. Nyingi nimezisahau tayari. Iliyobaki ni Maigret et la jeune morte, ya mwaka 1954. Msichana anakutwa amekufa Paris, kwenye uwanja wa Vintimille, amevaa gauni la sherehe la kukodi, na hakuna anayemjua. Maigret hakimbizani na mtu. Anaulizia tu: alitoka wapi, alilala kwa nani, alikuwa na kiatu kingine? Anamkusanya yule mtoto kipande kwa kipande mpaka anamfahamu kuliko waliokaa naye. Kisha mtu mmoja anapotoa hadithi yake, Maigret anagundua uongo kwa sababu msichana huyo, kwa jinsi alivyokwisha kumfahamu, hangeweza kutenda vile. Hana alama ya kidole wala risasi. Anachokuwa nacho ni tabia ya marehemu tu.

Sentineli, yaani mlinzi, wa parsele yetu, mzee aliyefanya kazi reli miaka yake yote, ndiye anayetangulia kusoma vitabu vyangu, kwa kuwa usiku ni wake. Aliponirudishia hicho aliniambia, "Mama, huyu komiseri hatafuti muuaji. Anamtafutia mtoto ndugu zake." Akaendelea kunisimulia mwisho wote mlangoni, nikiwa na mfuko wa unga mkononi. Sikupungukiwa na kitu. Tena aliniongezea hamu, na hadi leo sijapata mhakiki wa kumshinda. Lalamiko lake ni moja tu, kwamba Maigret anakunywa mno akiwa kazini.

Le Mystère de la chambre jaune ya Gaston Leroux ilianguka kwenye kipimo. Najua ni kitabu kikubwa, cha tangu 1907, chumba kimefungwa kwa ndani, dirisha lina vyuma, na kijana Rouletabille mwandishi wa gazeti anawashinda polisi wote. Lakini shemeji yangu alikuwa ameshanieleza siri ya kile chumba, na ukishaijua, unabaki na chumba tu na watu wanaozungumza sana.

Sasa namba moja. Ili mnielewe, lazima niseme kidogo juu ya vilio vyetu. Mtu akifa ghafla huku, viti vya plastiki havijapangwa uani na muuaji ameshapata jina: shangazi, mke mwenza, jirani aliyenunua gari juzi. Huku kwetu jina ndilo hutangulia, ushahidi utafuata ukipenda. Kwa hiyo riwaya inayonificha jina kwa kurasa mia mbili ni tamu, ndiyo, lakini ni ya ugenini. Ninayoihitaji mimi ni ile ambamo watu wote wameshamjua muuaji, halafu anakuja mtu mmoja mtulivu na kuanza kuuliza.

Achille Ngoye, Mkongo mwenzetu, ananikaribia hapo. Agence Black Bafoussa yake ya 1996 ndiyo iliyomfanya awe Mwafrika mweusi wa kwanza kuchapishwa katika Série Noire, mkusanyo wa riwaya za upelelezi wa wachapishaji Gallimard wa Paris. Niliyoipata mimi ni iliyofuata, Sorcellerie à bout portant ya 1998, haina jalada, imeshonwa kwa uzi mweusi. Mtu anarudi Kinshasa kutoka Ufaransa kwa ajili ya msiba wa ndugu yake, na jina la kitabu limeshaweka uchawi na bastola mezani pamoja. Kifaransa chake kimelowa Kinshasa. Kuna mahali nilimwita jirani anayejua Lingala anisaidie. Hadithi inakwenda mbio, mji unanuka hadi unauona, ila yule anayeuliza maswali amekasirika mno kuweza kutulia.

Aliyetulia ni Bwana Msa, mpelelezi wa Kiswahili. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilinifikia kwa lori. Madereva wa Dar es Salaam wanaokaa foleni Kasumbalesa, mpakani na Zambia, siku nenda siku rudi wanahitaji kitu cha kusoma, na mmoja wao alimwachia dada yangu vitabu viwili mgahawani badala ya deni la bukari (ugali wetu) na kuku. Kimoja ni Kikosi cha Kisasi cha Elvis Musiba, kinachompeleka jasusi Willy Gamba hadi Kinshasa: risasi nyingi, fumbo kidogo, mume wangu amekishika na hakitoi. Cha pili nimekificha.

Abdulla, mwandishi wake, alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kitabu kilishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau, shirika la vitabu la Afrika Mashariki, la 1957–58 na kutoka 1960. Bwana Ali anakutwa ameuawa mahali pa mzimu, na mzimu una sifa mbaya tayari, kwa hiyo nani ana haja ya kutafuta zaidi? Bwana Msa ana haja. Si polisi, halipwi, ana kiko chake na rafiki yake Najum, na anaiacha mizimu ipumzike huku akifuata mikono ya watu. Kiswahili cha Unguja kilinitoa jasho kurasa za kwanza, kisha kikanizoea. Nilipofika mwisho nilirudi mwanzo siku hiyo hiyo, najua kila kitu, nikitaka tu kumsikia tena akiuliza mahali ambapo wenzake wote wameridhika. Sentineli alipokimaliza alisema huyu angefaa kukaa kwenye vilio vya mtaa wetu, na angechukiwa.

Najua Bwana Msa ana vitabu vingine, na ninachokitaka sasa ni Kisima cha Giningi, cha 1968. Msomaji yeyote wa Likasi, Kolwezi au hata Kalemie aliye nacho aandikie gazeti. Natoa Maigret watatu, mmoja akiwa na jalada lake, na Leroux nampa bure.