Kwa wahudumu wapya wa afya ya jamii: anzieni uani

Kwa sheha, kiongozi wa eneo, mtapita kwanza, hilo mnalijua. Nyumbani mtakaribishwa ukumbini, mtandikiwe mkeka, pengine na chai. Kunyweni, lakini kazi haipo hapo. Huku kwetu Pemba yanayowaumiza watoto yako uani: jiko la makaa lililowekwa chini, kisima kisicho na mfuniko, mbuzi ya kukunia nazi iliyoachwa meno juu. Mhudumu mwanamme afuatane na mwenzake wa kike, la sivyo uani hatafika.

Mkifika, chuchumaeni. Mtoto anayejifunza kutembea, sufuria ya uji iliyo jikoni inamfika kifuani.

Msiseme "kuweni waangalifu." Mama mwenye watoto wanne, futari iko motoni na adhana inakaribia, macho ya ziada atayatoa wapi? Sogezeni kitu chenyewe. Jiko lipandishwe juu ya matofali yaliyotulia, au pazungushiwe kizuizi watoto wasipite. Kisima kifunikwe. Ndoo isiyotumika imwagwe, maana mtoto mdogo huzama hata kwenye maji machache.

Mafuta ya taa ndiyo mtakayobishana nayo sana, kwa sababu hutiwa kwenye chupa za maji ya kunywa, na mtoto mwenye kiu hachagui. Akishakunywa, bibi atataka kumtapisha. Hapo shikilieni: asitapishwe. Mafuta yakipanda tena kooni huweza kuingia mapafuni, na madhara makubwa hutokea huko. Apelekwe hospitali upesi, na chupa ichukuliwe pamoja naye. Lakini msimsahihishe bibi mbele ya wakwe zake. Muulizeni kama amewahi kumwona mtoto aliyekunywa mafuta akikohoa; wengi wamemwona, na kutoka kwenye kikohozi mtafika mapafuni bila ugomvi.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Bomba likiwa kavu, ndoo na kata vinatosha. Bangili na pete zivuliwe kabla hapajavimba. Dawa ya meno, yai na samli, hapana. Jeraha likiwa kubwa, au liko usoni au mikononi, lifunikwe kwa kanga safi na safari ianze, hospitali ya Chake Chake au ya Abdulla Mzee kule Mkoani, kokote kuliko karibu.

Rudini baada ya wiki. Msiulize kama somo lilieleweka. Tazameni chupa ya mafuta iko wapi. Mkiikuta pale pale chini, msinune. Huenda nyumba haina rafu, basi gongeni msumari juu ukutani, muitundike kwa kamba.