Usilipe mpaka uisikie ikisoma Kiswahili

Umesema kesho unalipia ada ya mwaka mzima ya programu ya kukusomea makala za mtandaoni, halafu unauliza kasi gani inafaa na sauti inahifadhiwaje kama faili. Subiri! Mimi nililipa hivyohivyo, na pesa haikurudi.

Tangazo likitaja Kiswahili, angalia ni Kiswahili cha nini. Mara nyingi ni cha menyu au cha tafsiri, sauti haimo. Kinachokusomea ni sauti ya Kiingereza: "wake" inakuwa "weik", "pole" inakuwa "poul", na ndani ya dakika mbili hujui makala inahusu nini. Na hata sauti ya Kiswahili ikiwemo, bado. Aliyetengeneza tovuti akiacha lang="en" (alama ya kwamba lugha ni Kiingereza) kwenye msimbo wa ukurasa, programu inayojichagulia sauti inaweza kuifuata alama hiyo na kurudi kwenye Kiingereza. Kwa hiyo chagua sauti mwenyewe. Programu isiyokuruhusu, ifute.

Wauzaji ndio wanaonikera. Wanakuwekea sampuli tamu ya Kiingereza, wanajua fika utadhani Kiswahili nacho kitasikika hivyo. Huo ni udanganyifu.

Nakili aya ya makala unayotaka kweli kuisikiliza, yenye mwaka kama 1964, "n.k.", saa, na neno lenye ng' kama ng'ombe. Ibandike kwenye toleo la majaribio, usikilize. Ritifaa iliyopinda (’) huzivuruga baadhi ya injini (sehemu ya programu inayogeuza maandishi kuwa sauti), neno likakatwa vipande viwili; ijaribu pamoja na ile iliyonyooka. Kisha zima data, urudie. Sauti zinazotengenezwa kwenye seva zitanyamaza hapohapo, na wewe unataka kusikiliza safarini.

Anza na vya bure. Kwenye kompyuta, fungua makala kwa kivinjari cha Edge, bonyeza Ctrl+Shift+U, ingia kwenye chaguo za sauti: Rehema na Daudi ni wa Tanzania, Zuri na Rafiki wa Kenya. Zinahitaji intaneti. Kwenye Android, tafuta katika mipangilio sehemu ya kusoma maandishi kwa sauti, gusa gia iliyo kando ya injini, pakua data ya sauti ya Kiswahili. Sauti hiyo ndiyo ya kujaribu intaneti ikiwa imezimwa. Menyu na matangazo yakisomwa pamoja na makala, fungua kwanza mwonekano wa msomaji, ule unaobakiza makala tupu.

Ukishaijaribu aya yako, rudi utuambie ng'ombe alitamkwaje.