Barua kwa mwanangu: shamba la mchungaji

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza kama ni kweli Glebe Road unayopita kwenda kazini hapo Arlington, jimbo la Virginia, Marekani, ilitokana na shamba la kanisa. Ni kweli. “Glebe” ndivyo Waingereza walivyoliita shamba la parishi la kumtunza mchungaji: analilima au analikodisha, akihama anamwachia mwenzake.

Enzi za ukoloni, Anglikana ndilo lililokuwa kanisa la serikali huko Virginia. Sheria ya 1748 ilimpa mchungaji ratili 16,000 za tumbaku kwa mwaka, nyumba, na shamba lisilopungua ekari 200. Usidhani alishika jembe mwenyewe. Mengi yalilimwa na watumwa. Na tumbaku hiyo ilikusanywa kama kodi ya kichwa, hata kwa Mbaptisti asiyekanyaga kanisani humo.

Baada ya uhuru Wabaptisti wakaja juu: mashamba yalinunuliwa kwa jasho letu sote, yauzwe. Mwaka 1802 Bunge la Virginia likaamua kwamba mchungaji akifa au akiondoka, shamba liuzwe, fedha ziwafae maskini. Kesi ya kuipinga sheria hiyo ikafika mahakama ya rufani ya jimbo. Jaji Edmund Pendleton alikwisha kuandika hukumu ya kulitetea kanisa, akafariki kabla ya kuisoma. Mwaka 1804 majaji wakagawanyika nusu kwa nusu, sheria ikabaki.

La kwenu lilinusurika, tena si kwa maombi. Arlington ilikuwa imemegwa kutoka Virginia na kuwekwa chini ya mji mkuu, hivyo sheria ya 1802 haikulifikia. Wasimamizi wa maskini walilidai hata hivyo. Mwaka 1815 Mahakama Kuu ya Marekani, hukumu ikiandikwa na Jaji Joseph Story, ikasema mali ni ya kanisa: serikali ilikwisha kuthibitisha hivyo mwaka 1776, haiwezi kugeuka. Kanisa, ambalo lilitaka kuliuza tangu mwanzo, likaliuza.

Kisheria namwelewa Story. Ila moyoni niko na Wabaptisti, na baba yako mzee wa kanisa asisikie. Babu yako alikuwa akilala porini makarani wa kodi ya kichwa wakipita kijijini. Angeambiwa kwamba ile kodi imemnunulia mtu shamba, nawaza angesema nini.

Msalimie mkweo.

Mama yako