Kwa Wanaokaa Kwenye Meza ya Diplomacy Mara ya Kwanza

Nilipocheza Diplomacy, mchezo wa ubao wa madola ya Ulaya yanayogombania ramani, mara ya kwanza nilipangiwa Uturuki. Mimi na mchezaji wa Urusi tukaapa kwamba Bahari Nyeusi haitaguswa na yeyote. Majira ya kuchipua ya 1902 ya mchezo nikapeleka manowari humo humo, vuli nikatwaa Sevastopol, kituo chake kimoja cha ugavi (kila kituo hulisha kikosi kimoja), nikajiona mjanja kupindukia. Jirani hakupiga kelele. Alimwachia Austria Warsaw bila kupigana, akanielekezea vikosi vyote alivyobaki navyo, na kufikia 1905 ya mchezo nilikuwa nimeshatolewa. Saa tatu zilizofuata nilizimaliza nikitazama wenzangu wakicheza.

Kumgeuka mtu kwa kituo kimoja tu ndiko kulikonimaliza.

Kama bado unasoma kanuni: madola ni saba, vituo vya ugavi 34, na anayefikisha 18 ameshinda. Hakuna dadu wala karata. Amri huandikwa kwa siri, kisha husomwa zote pamoja. Jeshi moja haliwezi kuling'oa jeshi jingine bila kuungwa mkono, na mara nyingi wa kukuunga mkono ni kikosi cha mtu mwingine. Ndiyo maana mazungumzo hula muda kuliko amri zenyewe.

Sasa turudi kwenye usaliti, maana hapo ndipo wageni wengi huumia. Ni hesabu. Kituo hubadili mmiliki baada ya mwendo wa vuli tu, ule wa pili wa mwaka. Kikosi kipya huundwa katika vituo vya nyumbani pekee, yaani vile ulivyoanza navyo, tena viwe bado mikononi mwako na viwe vitupu. Ukimnyang'anya mtu kituo kimoja cha pembeni umejitengenezea adui mwenye vikosi. Ukitwaa viwili vya nyumbani kwake vuli moja, hasira yake haina pa kutokea. Leo kabla sijamgeuka mtu naandika pembeni atabaki na vikosi vingapi, na vitafika wapi mwakani. Akibaki na nguvu ya kulipiza, naendelea kuwa rafiki yake, tena kwa moyo mweupe.

Usidhani basi kwamba kazi yako ni kudanganya. Uongo hapa ni ghali: unautumia mara moja, halafu wote sita wanajua. Mwaka 2022 kampuni ya Meta ilionyesha Cicero, programu ya akili bandia iliyocheza michezo 40 na watu kwenye intaneti ikaingia katika asilimia 10 ya juu. Waundaji wake waliielekeza ahadi zake zilingane na mwendo inaokusudia kuufanya. Mimi nasema ukweli karibu kila zamu, na ninapotaka kuficha jambo sizui hadithi, nalinyamazia tu.

Kauli ya "tuko pamoja" usiikubali. Uliza: jeshi lako la Vienna litaandikiwa amri gani? Anayekupa jibu mahususi amejifunga, anayezungukazunguka ameshakupangia. Amri zikisomwa, tazama kama msaada aliouahidi umo. Ukisikia "samahani, nilikosea kuandika", msamehe mara moja, lakini zamu inayofuata linda mpaka ule.

Na ongea na wote, hata walio mbali. Ukiwa Uturuki, Uingereza anaweza kukusaidia kuliko jirani yeyote, kwa kuwa akitia mguu Norway, Urusi lazima agawe macho yake. Jirani aliyekuwa mzungumzaji akinyamaza ghafla, mimi huanza kurudisha vikosi nyumbani.

Siku utakayosalitiwa, na itafika, usinune wala usitupe mchezo. Mchezo wangu ninaoupenda kuliko wote nilikuwa Ujerumani, nimebakiwa na jeshi moja Munich. Uturuki alikuwa na vituo 16 na majeshi yake yamenizunguka Bohemia, Tyrolia na Silesia. Ufaransa, aliyeninyang'anya nusu ya nchi, alikuwa Burgundy. Uingereza alikuwa Ruhr, na wote wawili walipakana na Munich. Niliwaambia wazi: mkiniunga mkono nyote wawili, tuko watatu kwa watatu na Uturuki hapiti, mkiniacha, Munich ni yake na ninyi mnafuata. Kila zamu waliandika msaada, nami niliandika "Munich, simama". Mwishoni Uturuki akachoka na wote wakakubali sare. Kwa kanuni, sare hugawanywa sawa kwa kila aliyebaki, kwa hiyo jeshi langu moja lilipata sawa na vituo vyake 16.