Kupanga Mbezi na kazi iko Posta: soma hapa kabla hujalipa kodi

Mkuu umeuliza kama mtu anayeanza kazi Posta, katikati ya mji, anaweza kupanga Mbezi (hii ya Morogoro Road, sio Mbezi Beach), maana dalali kakwambia "ni gari moja tu mpaka mjini" na wewe unatokea Mwanza, Dar huijui. Wengine hapo juu wamekujibu kwa kilomita. Mimi nakujibu kwa magari, kwasababu hii Morogoro Road nimeishi nayo tangu enzi za daladala za Kimara Posta, mwendokasi (yale mabasi yenye njia yake peke yake) ikaanza nikiwepo, kituo chetu kikavunjwa, kikahamishwa mbele, kikarudishwa nyuma, na bado nipo hukuhuku Suka, kati ya Kimara na Mbezi.

Dalali hajakudanganya sana, kakwambia ukweli wa zamani. Zamani kweli ulikuwa unapanda hukuhuku, unakaa (au unaning'inia), unalala, unaamka Ubungo bado foleni haijasogea, unalala tena, unashuka mjini. Mateso yapo lakini gari moja. Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kutembea, Kimara mpaka Kivukoni, na matawi ya Gerezani na Morocco, nauli 650, basi la kukuleta Kimara kutoka huku juu 400, ukiunganisha vyote 800. Daladala za njia ile zikatolewa barabara kuu zikapangiwa ruti zingine. Kwa mtu wa Kimara Mwisho, Korogwe, Baruti hiyo ilikuwa neema, nani hakumbuki foleni ya Ubungo. Ila kwa sisi wa Stop Over, Suka, Temboni, Msuguri mpaka Mbezi na Kibamba huko, gari moja ikawa mbili, na hapo ndo hesabu yote ya maisha ilipobadilika.

Maana kuunganisha ukisikia kwa mdomo ni kitu kidogo, unashuka hili unapanda lile. Sasa njoo Kimara saa kumi na mbili na nusu asubuhi uone. Watu wengi wa huku juu wanamwagwa pale pale kwenye geti moja. Mgeni utamjua, kasimama katikati ya kituo anaangalia basi linakuja. Mzoefu hasimami hovyo, kasimama pale mlango utakapotua, begi kaligeuzia kifuani, simu kaizamisha mfuko wa mbele mkono uko juu yake, na wala haangalii basi anaangalia mabega ya aliye mbele yake. Mlango ukifunguka hakuna kutembea, unabebwa. Na kuna wajanja wengine wanapanda kituo cha mbele kurudi Kimara ili wageuze na gari wakiwa wamekaa, ndo maana basi linafika mwanzo wa safari tayari siti zina watu na wewe unashangaa wametoka wapi.

Jioni sasa ndo kuna mambo ya kukata ruti, yaani gari kuishia njiani kabla ya mwisho wake, na hili nakuomba ulielewe vizuri kwasababu hakuna mtu wa ofisini atakwambia. Daladala imeandikwa ruti ubavuni, ina mstari wa rangi ya njia yake, kila kitu halali kabisa. Lakini konda ana ruti yake kichwani. Juzijuzi nimepanda moja imeandikwa Makumbusho mpaka Mbezi, tumejaa mpaka mlangoni, konda anaita "Kimara tu Kimara, mwisho Kimara". Mama mmoja kakaa na ndoo yake akamuuliza, "Baba, si mmeandika Mbezi hapa?" Akajibiwa, "Bi mkubwa hiyo ni rangi tu, saivi tunaishia Kimara." Tumefika Kimara, nusu ya watu hawajashuka hata, yule yule konda kageuka, "haya Mbezi Mbezi, mia tano mia tano, mkononi!" Gari ile ile, siti ile ile, tumelipa mara mbili. Mama wa ndoo akatoa huku anasonya.

Watu wanawatukana makonda, na kweli wengine wana roho mbaya, ila tuongee ukweli. Dereva na konda wengi hawana mshahara, wana hesabu ya tajiri, yaani hela ya kumpelekea mwenye gari kila siku. Hesabu ni ile ile upakie usipakie, mafuta juu yao, na wakikamatwa na trafiki hela inatoka kwenye pato lao. Sasa asubuhi abiria wote wanashuka mjini, kurudi huku gari tupu. Jioni kinyume chake. Kwahiyo ile nusu ya safari isiyo na watu lazima ailipe mtu, na aliyepo karibu ni wewe. Ndo maana mamlaka hata ikitangaza ruti mpya nzuri kiasi gani, kama ile ruti haina abiria wa kwenda na kurudi, utaona magari wiki ya kwanza halafu yanayeyuka, unakuja kuyakuta yanapiga njia nyingine kabisa usiku usiku. Mimi nikisikia ruti mpya imetangazwa naangalia kwanza kama kuna soko, chuo au hospitali huko mwisho. Kama mwisho wake ni makazi ya watu tu siitegemei.

Halafu kuna Jangwani. Wewe wa Mwanza hujui, nikueleze. Kati ya Magomeni na Fire barabara inashuka bondeni kwa mto Msimbazi, na karakana ya mwendokasi ilijengwa humo humo bondeni (usiniulize nani aliona ni wazo zuri). Mvua ikinyesha sana mto unapanda barabarani, wanafunga, mabasi yanaishia Magomeni. Mafuriko ya 2018 mabasi mengine yaliingia maji kabisa pale karakana. Sasa wanajenga daraja pale, likiisha tutapumua, ila wewe unapanga leo. Siku ikifungwa usikae Magomeni kusubiri tangazo. Kama tawi la Morocco linatembea panda, kisha chukua daladala za Ali Hassan Mwinyi uingie mjini kwa Salenda. Au zunguka Kigogo utokee Karume, japo mvua ikiwa ya kweli kweli Kigogo nako maji yanakaa. Bodaboda siku hiyo watakutajia bei kama wanakuuzia hiyo pikipiki.

Kwahiyo kabla hujapanga popote muulize dalali vitu viwili tu: napanda magari mangapi, na barabara kubwa ikifungwa napita wapi. Mbezi kwa swali la kwanza mara nyingi inafeli, kwa swali la pili haiko vibaya, na hii ndo watu hawaisemi. Ukiwa Mbezi una lami ya Goba inayokutoa mpaka upande wa Bagamoyo Road, Mwenge, Makumbusho. Una ya Malamba Mawili inayokupeleka Kinyerezi, Segerea, Tabata, ukaingia mjini kwa Buguruni. Ni mzunguko, utachoka, lakini utafika kazini. Mtu wa Kibamba ndani ndani hana hiyo raha.

Ila Mbezi yenyewe angalia. Tangu stendi ya mabasi ya mikoani ihame Ubungo kuja Mbezi Luis, Februari 2021, pale pamechangamka na kodi zimepanda. Basi lako la Mwanza litakushusha hapo hapo, utaona taa na jengo la maana ukadhani umefika mjini. Hujafika. Hapo bado Posta iko mbali kuliko unavyofikiri.

Waliokushauri Mbagala kisa mwendokasi imefika, sawa, ila kumbuka lami na vituo vya kule vilikaa muda mrefu vikisubiri mabasi, yakaja kuingia 2025. Hapa mjini barabara sio gari. Gongo la Mboto nako tangu ujenzi wa mwendokasi uanze vituo vinahama hama, leo unashuka hapa kesho konda anakupitiliza anakwambia kituo kimesogea, unarudi kwa miguu kwenye vumbi na kiatu cha ofisini.

Ushauri wangu fikia kwa ndugu au hata gesti kwanza, usilipe miezi sita kwa kuangalia chumba Jumapili. Jumapili barabara zote za Dar ni nzuri. Nenda Jumatatu ujifanye unaenda kazini, na Ijumaa jioni ujifanye unarudi, na mvua ikinyesha ndo safi zaidi toka ukaone. Mimi kama ningekuwa naanza leo na mshahara wa kwanza ningebanana chumba kimoja Manzese au Magomeni ya juu, nalala nusu saa zaidi asubuhi, kuliko vyumba viwili na sebule Mbezi ambayo utaiona usiku tu.

Ila hujasema kitu muhimu mkuu. Ofisi iko Posta ipi, upande wa Kivukoni au huku Mnazi Mmoja? Na mnaingia saa ngapi? Kama ni shifti ya kuanzia saa nne futa nusu ya nilichoandika, saa nne hata mimi nakaa siti ya dirishani.