Mahafali yashafika, bahasha iwe na ngapi?

Msimu wenyewe ndo huu, gari za Tunguu zimejaa majoho na maua ya plastiki, na simu yangu imejaa maswali ya pesa. Leo najibu ya pesa tu, ya sare za familia yangoje.

Mtoto wa dada yangu anamaliza digrii SUZA. Mshahara wangu laki nne na nusu, nna watoto watatu. Kwenye grupu la familia kaka katangaza laki mbili, shangazi laki, mie nikiandika elfu ishirini si ntachekwa? (Mama, Mwanakwerekwe)

Kwanza usiandike kitu humo. Grupu ni la mchango wa shughuli, biriani na viti na maturubali, zawadi ya mtoto ni jambo jengine na inatoka mkononi kwako inaingia mkononi kwake. Na huyo kaka pengine yuko Muscat, unashindana nae wa nini? Mie nnavyoona toa ile ambayo Ijumaa ukishatoa, Jumatatu wanao bado wana pesa ya skuli, ikifika kukopa dukani ushazidisha. Ila kama dada yako ndo alokushikia wanao ulipokuwa unaumwa au alowalipia masomo, basi panda hadi hamsini, na si lazima yote siku moja. Mpe ishirini siku ya mahafali, thelathini baadae, maana akishavua joho ndo shida inaanza, kutoa kopi vyeti, nauli za intavyuu, bando la kufungua Zanajira, ule mtandao wa ajira za serikali, kila siku kuona kama kuna tangazo jipya, na wakati huo hakuna anaemkumbuka. Ile ya siku yenyewe nusu yake inaishia kwenye soda za rafiki zake.

Mtoto wa jirani anahitimu nasari, ana miaka sita, nimeletewa kadi. Kadi kabisa!

Elfu mbili, au penseli za rangi pale Darajani, basi. Akija kukhitimu Qur'ani hapo ongeza, ile kazi mtoto kaifanya kweli, na mwalimu wake wa chuoni usimsahau maana yeye bahasha haimfikii.

Niko Wete, mhitimu yuko Unguja, boti kwenda na kurudi ni pesa nyingi kuliko zawadi yenyewe. Nkituma kwa simu si dharau?

Dharau iko wapi, hiyo nauli ndo iongeze kwenye zawadi. Lakini weka na ya kutolea, ukituma thelathini kavu mwenzio hapati thelathini. Halafu mpigie umsikie sauti, sio kimesiji cha hongera na kijikofia. Na kama karafuu bado ziko jamvini mwambie tu nkiuza ntakukumbuka, kisha kweli umkumbuke.

Tunataka kumtengenezea shoga yetu shada la noti, kila mtu elfu thelathini, ila fundi peke yake anataka arubaini.

Hapo mnamtunza fundi. Noti kubwa tulonayo ni ya elfu kumi, kwa hiyo ukiona shada limefura ujue ni za elfu moja moja zimekunjwa vipepeo, zimepigwa stepla na gundi. Niliona bibi harusi mmoja kesho yake kakaa kwenye mkeka anang'oa pini kwa kucha, noti zimetoboka, nyengine zimechanika pembeni. Tieni kwenye bahasha na hiyo ya fundi ndani yake.

Mie ndo mhitimu. Bahasha zote mama kazichukua, kaandika majina daftarini, anasema sio zangu, ni za kurejesha. Mie nataka laptopu.

Mama ana haki, ila sio yote. Jirani kakupa elfu kumi kwa sababu mama yako alitoa kumi kwenye harusi ya binti yake, na mdogo wake akiolewa mama atatakiwa atoe tena, sasa wewe ukishazila hizo atatoa wapi? Usianze kumwambia kakuibia. Ngoja shughuli ipoe, kaa nae usiku, mwambie mama hebu lete daftari tulipitie. Za mashoga zake na majirani mwachie, mlipaji ni yeye. Za walimu wako, wenzio wa chuo, na wajomba walokutia mkononi, hizo ni zako na umwambie kwa adabu lakini umwambie. Laptopu isipotimia muombe akukopeshe kwenye zile zake, na hilo deni uandikwe humo humo daftarini na wewe, asije kaka yako akasema umependelewa.

Bosi kanialika, mwanawe kahitimu Malaysia. Nibebe ngapi?

Bosi anaekulipa hana haja na elfu kumi yako. Nenda, kula, mpe mkono kijana, kama mikono mitupu inakuuma chukua kikapu kimoja cha halua. Na usikae meza ya mbele.